Samadi ya Shangazi

Kila asubuhi kabla ya kazi huwa napindua ndoo kando ya maua ya porini tuliyopanda kwenye bustani ya jiji, naikalia na kung'oa nyasi kwa mkono. Nyasi zile zina mizizi kama kamba. Ukizivuta kwa pupa zinakatika, na mzizi unabaki chini ukikucheka. Siku hiyo nilikuwa navuta polepole, nyuki wa kwanza wakizunguka maua ya zambarau, niliposikia naitwa kutoka getini.

"Kadogo! We Kadogo! Waambie watufungulie!"

Anayeniita hivyo ni mmoja tu, shangazi yangu aliyenilea. Alikuwa ametangulia mbele ya mkokoteni, kitambaa cha kichwa kimeenda upande, jasho linamtiririka. Harufu ilifika kabla yao. Samadi ya kuku, magunia yamejaa hadi mdomoni.

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena.

Shangazi hufuga kuku nyuma ya nyumba, na samadi yao inagombewa na wakulima wa mboga wa mtaa mzima. Hampi mtu bure, hata jirani aliyemjengea banda. Leo alikuwa ameileta yote kwa ajili yangu.

Shida ni kwamba udongo wetu unatakiwa uwe na njaa. Ukiulisha, nyasi ndizo zinazoshiba kwanza. Zinarefuka, zinayafunika maua, na nyuki wanahama. Sisi wa kujitolea tulitumia kiangazi kizima kuondoa udongo wa juu, ule mweusi mzuri, toroli baada ya toroli, wapita njia wakiuliza kama tumelogwa. Magunia yale na mvua moja vingetosha kuturudisha tulikotoka.

Na shangazi hakukosea kitu. Juzi jioni tulipokuwa tunakula nyumbani aliniuliza, "Huko bustanini kwenu udongo ukoje?" Nikamjibu, "Mbovu," nikatia tonge mdomoni. Jibu langu lilikuwa na nusu ya pili, kwamba tumeufanya mbovu makusudi. Lakini nusu za pili mimi huzimeza pamoja na chakula.

Babu Posta, mzee anayetuongoza, aliegemea jembe lake akanitazama.

"Bi Kimya, yule si mgeni wako?"

"Ni shangazi yangu."

"Basi mwambie."

"Mwambie wewe babu, tafadhali."

"Mimi nimepeleka ujumbe wa watu maisha yangu yote," alisema. "Nimestaafu."

Geti lilikuwa limeshafunguliwa. Nikamkimbilia shangazi, nikamshika mkono, nikamwamkia. Nikamwomba akae kwenye ndoo apumzike.

"Nipumzike, kwani naumwa?"

Nikamuuliza kama amekunywa chai. Nikasifu magurudumu ya mkokoteni. Nikajifuta mikono kwenye sketi, nikaifuta tena.

"Dada, tumwage wapi?" msukuma mkokoteni aliuliza. "Jua linapanda, na mzigo huu si marashi."

"Pale katikati," shangazi akamjibu kabla yangu. "Kwenye maua yenyewe. Masikini, tazama yalivyokonda."

Msukuma mkokoteni alifungua gunia, akalibeba begani, akaingia kwenye maua yangu ya zambarau. Akainama. Chini ya mdomo wa gunia nyuki mmoja alikuwa amezamisha kichwa ndani ya ua, hana habari.

"Usimwage!"

Sikujua nina sauti ile. Msukuma mkokoteni alilikumbatia gunia kama mtoto. Hapo ndipo nusu ya pili ilipotoka, yote kwa mkupuo mmoja: njaa ya udongo, ulafi wa nyasi, toroli zetu, nyuki. Nilipomaliza nilikuwa nahema.

Shangazi alilitazama gunia.

"Kwa hiyo samadi yangu ni sumu."

"Hapa, ndiyo, shangazi."

"Mtaa mzima unaililia. Nimewanyima." Msukuma mkokoteni akalitua gunia; shangazi akachukua kamba akaanza kulifunga. "Shukrani ya punda hiyo."

"Mama," msukuma mkokoteni alisema taratibu, "sisi tulipatana kuja. Kurudi hatukupatana."

Hakuna aliyecheka. Babu Posta aligeuka akajifanya kuhangaika na jembe. Nilipiga magoti, nikamshikia shangazi gunia ili afunge fundo.

"Kwa nini hukuniambia kuwa unakuja?" nikamuuliza.

Aliitazama ndoo yangu, akaisogelea, na mwishowe akaikalia. Alitazama maua, na kile kidole gumba alichokuwa akiniogeshea nacho masikio utotoni kilikuwa kinasugua upindo wa nguo yake, kinasugua tu.

"Ningekuambiaje?" alisema. "Unatoka kabla sijawasha jiko. Unarudi na udongo kwenye kucha, nikikuuliza unanijibu neno moja. Nyumba nzima nabaki nasema na kuku. Nikaona nikija mikono mitupu watasema huyu mama anatafuta nini hapa." Akavuta pumzi. "Samadi ni kisingizio tu, Kadogo. Nilitaka uniite huku."