Magurudumu Mwisho Hapa

Toroli lilikuwa la kuazima kwa fundi mwashi, na saruji ilikuwa imegandia pembeni. Mama alitandika gunia, juu ya gunia blanketi, kisha akamlaza mumewe taratibu kama anayepanga mayai. Hata hivyo kila jiwe la barabarani lilimfikia mbavuni. Hakulalamika. Alikuwa amebaki mifupa na kikohozi.

Watu walimwita Kopo. Miaka thelathini alikuwa mtunza miche wa msitu wa mlimani. Mwaka wa ukame mkubwa, alipoambiwa aiache miche ife, alichota maji bondeni kwa kopo, akapanda nayo mlimani asubuhi na jioni, mpaka mikangazi arobaini ikashika mizizi. Jina alilipata huko, kwa kuchekwa. Sasa mapafu yalikuwa yameisha na hospitali ilikuwa imemwambia arudi nyumbani.

"Nyumbani maana yake kusubiri," alimwambia mkewe. "Basi nikasubirie chini ya miti yangu. Siku moja tu, mke wangu."

Langoni pa msitu palikuwa na kizuizi kipya cha chuma na uwanja wa kuegesha magari. Askari wa lango alitoka kibandani akipangusa mdomo.

"Shikamoo, mama. Magurudumu mwisho hapa."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa hawezi kutembea."

"Naona. Lakini huu ni msitu wa hifadhi sasa. Tunalinda udongo. Kila mtu anaacha chombo chake hapa, anapanda kwa miguu."

"Toroli lina gurudumu moja tu."

"Gurudumu ni gurudumu, mama."

Honi ikalia nyuma yao. Magari matatu makubwa, vioo vyeusi. Askari alikimbia, akainua kizuizi, akapiga saluti. Magari yakapanda mlimani, vumbi likamkalia Kopo usoni. Mama alilifuta kwa upindo wa khanga.

"Na wale?"

"Wale wageni wa mkutano."

"Mkutano wa nini?"

Askari alitazama pembeni. "Wa kulinda udongo."

Mama aliinama, akamweka mumewe mgongoni, akavuka kizuizi. Hatua ya kumi na mbili Kopo alianza kukohoa, na kitu cha moto kikamtiririkia mama shingoni. Hakuhitaji kukitazama. Alirudi naye, akamlaza.

"Nenda wewe," Kopo alisema, pumzi zikimkatika. "Macho yako ni yangu. Utanisimulia."

"Nitakuachaje?"

"Nenda, mama. Siku zenyewe ziko wapi?"

Alipanda saa nzima, magoti yakimlia. Njia aliijua, maana ndiyo aliyompelekea Kopo chakula alipokuwa bado bibi harusi. Alipofika juu alidhani amepotea. Palikuwa peupe. Kokoto zilikuwa zimemwagwa na kushindiliwa, mistari myeupe imechorwa, na kibao kimesimama: MAEGESHO YA WAGENI WA HIFADHI. Yale magari matatu yalikuwa hapo. Dereva mmoja alikuwa amelala ndani, injini ikinguruma ili apate ubaridi.

Mama aligonga kioo. "Baba, hapa palikuwa na miti."

Dereva alishusha kioo nusu. "Mimi nimekuta hivi hivi, mama." Akakipandisha.

Ukingoni kilikuwa kimesalia kisiki kimoja, kipana kama meza. Mama alikipapasa. Alitafuta kingine, na kingine, akazunguka uwanja mzima kama mtu aliyedondosha ufunguo. Mwishowe alibandua kipande cha gome, akakifumbata.

Kule chini askari alimsimamisha.

"Fungua mkono, mama."

Aliufungua.

"Hakuna kinachotoka msituni. Hata jani." Akalichukua lile gome, akalitupa ndani ya uzio. Kisha akapunguza sauti: "Ndiyo kazi, mama. Nina watoto."

Kopo alikuwa macho. Jua lilikuwa limemhamia usoni na hakuwa na nguvu ya kugeuka.

"Imekua?"

Mama alishika mikono ya toroli. Akajifanya anahema kwa ajili ya mlima.

"Imekua, baba."

"Yote arobaini?"

"Yote."

"Na kivuli? Kinaenea?"

"Kinaenea. Magari mangapi sijui yameegeshwa pale juu, na yote yameenea chini yake."

Kopo alifumba macho, akatabasamu hadi ufizi ukaonekana. Kisha ngurumo ikasikika mlimani, askari akakimbilia kizuizi, na yale magari matatu yakashuka. Kopo aliusikia mvumo wake. Aliutoa mkono chini ya blanketi, akauinua kwa shida, akawapungia.

"Hao," alisema, "wametoka kupumzika kwangu."

Vioo vilikuwa vimefungwa. Mkono ulibaki juu mpaka mama akaushusha yeye mwenyewe.