Miaka Kumi na Miwili ya Mwanamke wa Taa

Jumamosi ile tulikuwa na vitabu thelathini na kimoja, na nafasi tatu tu.

Mratibu wa elimu ya watu wazima kule Mikumi alikuwa ametugawia kipande cha rafu katika chumba kipya cha kusomea. Vitabu vitatu, alisema, visizidi, na maneno yake yawe ya Kiswahili. Vyetu vyote vilikuwa vitabu vya picha, hadithi zilizochorwa kisanduku baada ya kisanduku, watu wakitokwa na viputo vya maneno midomoni. Na vyote vilikuwa vya Kigiriki.

Tulikutana kwenye kibaraza cha Costancia, nyuma ya stesheni ya Kilosa, kama tulivyokutana Jumamosi nyingi tangu mwaka 1967. Costancia alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Siku hiyo alikuwa akipinda pindo la gauni jeupe la bibi harusi wa kijiji cha Tindiga. Yohana, aliyekuwa akibadilisha njia za treni pale stesheni, alikaa kwenye gogo lake la siku zote. Hezekia, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na daftari. Mimi nilikaa kwenye mkeka na sanduku la vitabu mbele yangu, kwa sababu mimi, Odilia, ndiye niliyekuwa msomaji.

Usomaji wangu ulikuwa hivi. Mama yangu alifua nguo kwenye nyumba ya Wagiriki wenye shamba la mkonge. Binti yao, Eleni, alikuwa rika langu. Mchana tulikaa kwenye ngazi za jikoni, naye akanisomea vitabu vyake, akigeuza maneno kwa Kiswahili chetu cha shambani. Mashamba yalipotaifishwa wakaondoka, na mama akapewa sanduku la vitabu awashie moto. Nikamwomba asiwashe. Kigiriki nilichokijua mimi kilikuwa mkate, maji, njoo na acha. Lakini siku ya kwanza nilipofungua kitabu pale kibarazani, Yohana aliangalia zile herufi akauliza, "Wewe unayasoma haya madudu?" Nikajibu ndiyo. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Hadithi nilizozikumbuka nilizisema, nyingine nilizitunga, na kwa kuwa kila hadithi niliisema vilevile kila mara, hakuna aliyenishuku.

"Mimi kipimo changu ni kimoja," Yohana alianza. "Funika maneno kwa kiganja. Kama bado unajua nani kamkosea nani, kitabu kizuri. Kama hujui, mchoraji alikuwa mvivu."

"Basi maneno ya nini?" Hezekia akamuuliza. "Tuwapelekee watu picha za kalenda."

"Wewe ukiachiwa utawapelekea kitabu cha mbolea."

"Ndugu Yohana, watu wanajifunza kusoma. Mtu akifika ukurasa wa mwisho awe amepata kitu. Hicho kitabu unachokipenda, Mwizi wa Punda, kinafundisha nini?"

"Kinafundisha ufunge punda wako."

Costancia alicheka huku amebana pini mdomoni. Akazitoa moja moja. "Mnabishana bure. Tazameni pembe za kurasa. Kilichochakaa kuliko vyote ndicho bora. Watu hawachakazi kitu wasichokipenda."

Hatukuhitaji kutazama. Kilichochakaa kuliko vyote kilikuwa Mwanamke wa Taa. Jalada lake Costancia alikuwa amelipiga cherehani mara mbili.

Ni hadithi ya mwanamke anayekaa ufukweni. Mumewe anaondoka na meli. Kila jioni mwanamke anatundika taa dirishani. Majirani wanamcheka. Mwanamume mwenye kofia anakuja na maua mara tatu, na mara tatu anarudishwa. Ukurasa wa mwisho, mtu mwenye ndevu na sanduku anasimama mlangoni. Mwanamke anamwangukia kifuani. Kisha anaizima taa.

Nilivyosoma mimi, mwenye ndevu ndiye mume. "Ni mimi, mke wangu," anasema. Taa inazimwa kwa kuwa haihitajiki tena.

Alivyonisomea Eleni, mwenye ndevu ni baharia mwenzake. Amekuja kusema kwamba mume alizama mwaka ule ule wa kwanza.

Nilijua nilichofanya na siku niliyokifanya. Marko, mume wa Costancia, alipanda treni mwaka 1964 kwenda kutafuta kazi bandarini Dar es Salaam. Zilikuja barua mbili, halafu kimya. Nilipokisoma kitabu kile mara ya kwanza ilikuwa mwaka wa tatu wa kimya hicho. Nilipofika ukurasa wa mwisho cherehani ilisimama. "Ni yeye?" Costancia akauliza. Alikuwa ameshika kitambaa kama mtu anayeshika kamba. Nikasema, "Ndiye." Akauliza, "Alimngoja miaka mingapi?" Nikasema kumi na miwili. Nilichagua kumi na miwili kwa sababu mitatu ilikuwa imeshapita, nami nilitaka idadi iliyo mbali, ambayo hakuna mtu angekuja kunidai.

Kuna mkulima wa mpunga wa Tindiga, Danieli, aliyefiwa na mke. Mwaka 1970 alimtuma mshenga kwa Costancia. Costancia akamjibu mshenga: bado sita. Mwaka 1972 akatuma tena. Bado minne. Mshenga alidhani ni nadhiri ya kanisani, akaondoka kwa heshima. Mimi nilikuwepo mara ya pili, nikimshikia Costancia uzi, na nilijua hesabu ile imetoka wapi. Sikusema. Sasa ilikuwa 1973, nimemaliza chuo cha ualimu, na bado sikuwa nimesema.

"Hiki kinapita bila kura," Hezekia alisema, akakiandika kwenye daftari. "Lakini tukibandika Kiswahili kwenye viputo, kiwe Kiswahili cha neno kwa neno, si cha kukumbuka. Mikumi kuna Mgiriki ambaye hakuondoka na wenzake. Mzee Niko, fundi wa magari. Tumpelekee."

"Si Odilia yupo?" Costancia akasema.

"Odilia atamsaidia. Wawili ni bora kuliko mmoja."

Nikasema nina kazi nyumbani. Hezekia akasema tutakwenda Jumatatu, siku ya mapumziko, na Yohana atatutafutia nafasi kwenye treni ya Kidatu. Nikasema sawa.

Kwenye treni nilikaa karibu na Costancia. Alikuwa amefunga cherehani kwa siku nzima, kitu ambacho hakukifanya hata mwezi wa Krismasi. Alivaa kitenge kipya, na kitabu cha Mwanamke wa Taa kilikuwa mapajani mwake, amekiviringishia kipande cha marikani.

"Nataka nisikie yule mume anavyosema pale mlangoni," aliniambia. "Wewe umeniambia, lakini mwenye lugha yake ni mwingine."

"Dada," nikasema.

"Nini?"

Mistari ya mkonge ilikuwa ikipita dirishani, mmoja baada ya mwingine. "Treni inakwenda polepole," nikasema.

"Ina haraka gani? Hata mimi sina."

Karakana ya Mzee Niko ilikuwa kando ya barabara ya Iringa. Lori la miwa la kutoka Kidodi lilikuwa limeinuliwa kwa jeki, na miguu ya mzee ikionekana chini yake. Tukamwamkia. "Marahaba, marahaba," akajibu kutoka chini, akatoka akijifuta mikono. Kiswahili chake kilikuwa kama cha wajomba zangu. Hezekia akamweleza habari za rafu, za viputo, za neno kwa neno. Mzee Niko alikipokea kitabu, akafungua ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu. Alivitazama vile visanduku muda mrefu. Mimi nilitazama mikono yake.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "mimi nilishika spana nikiwa na miaka minane. Shule sikupelekwa. Kigiriki nakisema vizuri, hata ndoto naota kwa Kigiriki. Kusoma, nasoma namba za magari."

Hezekia alifunga daftari lake.

"Lakini nimejiandikisha hapo kwenye darasa la watu wazima," mzee akaongeza. "Tuko kwenye ba, be, bi. Hicho chumba chenu ndicho nitakachosomea."

Yohana alicheka mpaka akashika ubavu, na mzee akacheka naye. Mimi nilijiona nimetua mzigo. Nilikuwa nimepona. Kati ya Kilosa na Mikumi hakukuwa na mtu hata mmoja wa kunisuta. Na nilipoona ninavyofurahi, nikajichukia kuliko nilivyojichukia kwenye treni.

"Nisomee wewe, binti," Mzee Niko akaniambia, akanisogezea kreti. "Wanasema unajua. Nami nisikie."

Costancia akakaa chini karibu na miguu yangu. Nikaanza. Nilisoma meli, nikasoma taa, nikasoma majirani. Mwenye kofia alipokuja na maua mara ya tatu, mzee alitikisa kichwa akasema, "Maskini, huyo naye." Nikafungua ukurasa wa mwisho. Kabla sijafungua mdomo, Costancia aliyasema yeye mwenyewe, kwa sauti ndogo, akitazama picha: "Ni mimi, mke wangu."

Alikuwa anayajua yote kwa moyo. Alikuwa ananisomea mimi.

"Si yeye," nikasema.

"Si yeye nani?" Yohana akauliza.

"Mwenye ndevu. Si mume. Ni baharia mwenzake, amekuja kutoa habari. Mume alizama mwaka wa kwanza." Sikuweza kumtazama Costancia, kwa hiyo nilimwambia Yohana yote. Kwamba sijui Kigiriki. Kwamba Eleni ndiye aliyenisomea. Kwamba hiki nilikikumbuka vizuri kuliko vyote, na ndicho nilichokigeuza.

Yohana alikichukua kitabu. Akafunika viputo kwa kiganja chake kipana, akaangalia, akahamisha kiganja, akaangalia tena. "Hadithi zote mbili zinaingia," akasema, akakirudisha juu ya kreti taratibu. Hezekia alikuwa ametazama barabarani. Mzee Niko aliinama, akarudi chini ya lori.

"Na ile kumi na miwili?" Costancia akaniuliza.

"Niliitunga."

"Kitabuni hakuna idadi?"

"Hakuna, dada."

"Eleni hakusema?"

"Hakusema."

Akakitazama kitabu. Kisha akaokota kile kipande cha marikani, akakikunja mara nne, akakitia kwenye mkoba wake. Kitabu akakiacha. Hezekia ndiye aliyekibeba hadi stesheni.

Wakati wa kurudi wanaume walikaa upande mwingine wa behewa. Costancia hakulia. Tulikuwa tumeshakwenda mbali alipozungumza.

"Lile gauni la Tindiga. Unajua la nani?"

"La bibi harusi."

"Wa Danieli." Alikuwa akitazama mikono yake. "Mshenga alikuja mwezi wa tatu. Mara ya tatu ile, Odilia. Nikamwambia bado mitatu. Akasema Danieli ana watoto wadogo, mitatu hawezi, na kwamba wamempata binti wa huko huko. Halafu akaniomba basi nimshonee, kwa kuwa ndiye fundi wanayemwamini. Nimebakiza vifungo."

"Nisamehe, dada."

"Usinipe kazi nyingine leo," akasema.



Jumamosi iliyofuata nilitaka kubaki nyumbani. Nilikwenda kwa kuwa kutokwenda kungekuwa uongo mwingine. Yohana alikuwa kwenye gogo lake, Hezekia na daftari lake. Costancia alikuwa amepika gundi ya unga wa muhogo na kukata vipande vya karatasi kwa mkasi wake wa vitambaa, vyote sawasawa. Kwenye cherehani hakukuwa na kitu.

"Tumeona Mwanamke wa Taa tukiache," Hezekia akasema polepole. "Tupeleke kingine. Hata Mwizi wa Punda."

"Nani ameona?" Costancia akauliza.

"Tulifikiri wewe—"

"Mwalimu, tulikubaliana kipimo. Kilichochakaa kuliko vyote. Kuna kingine kilichochakaa kukizidi?"

Yohana akatikisa kichwa.

"Basi kinakwenda." Akanisogezea vipande vya karatasi na kalamu. "Andika. Vile alivyokusomea yule binti, si vile ulivyonisomea mimi."

Niliandika viputo vyote, ukurasa kwa ukurasa, naye akavibandika kimoja kimoja. Tulipofika mlangoni kwa mwenye ndevu nikaandika: Mumeo alizama mwaka wa kwanza. Akakichukua kile kipande, akakisoma, akanirudishia.

"Hapo kwenye mwaka wa kwanza, andika kwa herufi kubwa. Wako wanaoanza kusoma."

Nikaandika upya. Akakipaka gundi, akakiweka juu ya kiputo, akakibonyeza kwa kidole gumba mpaka gundi ikatokeza pembeni. Alikaa na kidole pale kwa muda. Yohana akainuka akasema treni ya mizigo iko karibu, ingawa sote tulijua haiko karibu.

Nilipokuwa nakusanya vitabu Costancia aliingia ndani, akatoka na furushi. Lilikuwa limefungwa kwa kile kipande cha marikani cha safari ya Mikumi.

"Hili linatakiwa Tindiga leo," akasema. "Lipeleke wewe. Mwambie bibi harusi alivae ajaribu kiunoni kabla hujaondoka. Likibana, rudi nalo, nitalifumua."

"Sawa, dada."

"Danieli ukimkuta, mwamkie tu. Usimweleze kitu. Yule binti hajamkosea mtu."

Nikalipokea. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani. Nililibeba kwa mikono miwili hadi stendi, na kwenye gari sikuliweka chini, lisije likakunjika.