Ngwe ya Mraba

"Kamba imekutana! Hiyo moja. Anayefuata!"

Mnyapara Dedan alichomoa vigingi na kusogea mbele. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na wanawake arobaini wa kibarua walikuwa wamesimama kwenye shamba la mikorosho huko Tezo, kila mmoja na jembe lake, wakingoja kupimiwa. Kipimo kilikuwa kamba moja ya mkonge yenye urefu wa hatua themanini. Dedan alipigilia vigingi vinne, akaizungusha kamba, na ncha zikikutana, hiyo ndiyo ngwe yako ya siku. Ukimaliza kupalilia unapata shilingi kumi na nne. Usipomaliza, hata kikibaki kipande cha kutandika mkeka, huna chako.

Ngwe za kando ya barabara, zile ndefu na nyembamba, ziligombewa. Wanawake walisema zina baraka, zinaisha kabla ya adhuhuri. Za katikati, zilizo pana kila upande, waliachiwa waliochelewa. Jedida alichelewa kila siku kwa sababu ya kidonda cha mguu.

"Mayo, keti leo. Nitalima zote mbili," binti yake Kadii alimwambia.

"Dedan akinikuta nimeketi atanifuta jina. Lima yako."

Kadii alikuwa amemaliza kidato cha sita mwaka uliotangulia. Barua ya chuo kikuu ilikuwa ndani ya sanduku la mamake, ikisema amekubaliwa kusomea hesabu na angoje kuitwa. Tangu chuo kifungwe mwaka wa themanini na mbili, waliongoja walikuwa wengi hata hawakujua nani anamngojea nani. Mwalimu wake, Gitau, alikuwa amempa karatasi tatu za maswali ya kujiandaa.

"Kule hawatakuuliza jibu ni ngapi," alimwambia. "Watakuuliza umejuaje. Ukiwapa mifano mia moja, watataka ule wa mia na moja."

Swali la pili lilimsumbua wiki mbili. Katika mistatili yote yenye mzingo mmoja, upi una eneo kubwa kuliko yote? Thibitisha. Alijaza daftari kwa tarakimu. Thelathini kwa kumi, mia tatu. Ishirini na tano kwa kumi na tano, mia tatu sabini na tano. Ishirini kwa ishirini, mia nne. Hapo ndipo alipoiona kamba ya Dedan, na hasira zikampanda. Baraka ya kando ya barabara ilikuwa hatua mia za mraba, na mwenye kuzilima kwa malipo yale yale alikuwa mamake, na mguu wake ule.

Lakini hiyo ilikuwa mifano tu. Uthibitisho wenyewe ulimjia saa nne, mgongo umepinda, jasho likimwingia machoni. Chukua shamba la ishirini kwa ishirini. Kata ukanda upande mmoja, upana wowote upendao, ukaubandike upande wa jirani ili shamba lirefuke. Ukanda ule una urefu wa ishirini, ila upande unaoubandikia umeshapungua kwa upana ule ule uliokata. Haukai! Kipande cha pembeni kinabaki nje, na kinabaki nje daima, ukate hatua moja au kumi. Kila shamba lisilo mraba limepoteza kipande hicho. Hakuhitaji mfano mwingine tena maishani mwake. Kadii alicheka peke yake katikati ya magugu, na mwenzake Priscilla, aliyekuwa na mtoto mgongoni katika ngwe ya barabarani, akamuuliza kama jua limempata.

Saa nane Dedan alipita kukagua. Jedida alikuwa amebakisha ukanda wa hatua tatu.

"Haijaisha, mama. Leo hakuna."

"Amelima mia tatu na arobaini!" Kadii alisema. "Wale wa barabarani wamelima mia tatu na mmewalipa!"

"Wewe msichana, kamba si ni moja? Mimi sina kamba mbili. Ukitaka maneno, nenda ofisi."

Akaenda. Karani Zubeir, mtu wa Mambrui, alikuwa anafunga madaftari yake.

"Shikamoo, Mzee Zubeir."

"Marahaba, binti yangu. Una shida gani?"

Kadii aliomba kipande cha karatasi. Alichora mraba, akachora ukanda, akautia kivuli kile kipande kinachobaki nje. Zubeir alivaa miwani. Alifuata mstari kwa kidole, akarudi mwanzo, kisha akafuata tena.

"Maashaallah," alisema polepole. "Kwa hiyo kwa kamba ile ile, hapana ngwe iushindayo mraba?"

"Hakuna."

"Hapana hata moja? Una hakika?"

"Hata ukipima mwaka mzima. Kwa hiyo mlipe kwa ardhi anayolima mtu, si kwa kamba. Na mama mumlipe ya leo."

"Daftari la leo limekwisha kufungwa. Ila niachie karatasi hii nimwonyeshe bwana meneja."

Kadii alirudi nyumbani bila shilingi za mamake, ila na furaha tele. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameusoma uthibitisho wake na kuuelewa. Walilala kwa uji wa chumvi, na hata Jedida alitabasamu.

Asubuhi Dedan alikuja na kamba mpya yenye mafundo manne, kila baada ya hatua ishirini. Zubeir alisimama nyuma yake na daftari.

"Amri ya ofisi," Dedan alitangaza. "Kuanzia leo ngwe zote ni ishirini kwa ishirini, barabarani na katikati. Malipo ni yale yale. Upendeleo umekwisha. Mshukuruni msomi wenu."

Wanawake wakageuka. Priscilla alimpandisha mtoto mgongoni.

"Kadii, mwanangu," alisema, "tulikukosea nini?"

Kadii alimkimbilia karani. "Nilisema mlipe kwa ardhi!"

"Hilo ni jambo la mshahara, binti yangu. Wewe uliniletea jambo la hesabu, na hesabu yako haina dosari. Bwana meneja ameipenda mno."

Jedida alikuwa ameshainama, akianzia pembeni, mguu mbaya akiuburuta nyuma. Kadii alisimama karibu yake na kuipitia ile kazi kichwani, mraba, ukanda, kipande kinachobaki, hatua moja baada ya nyingine, akitafuta kosa. Angelipata moja tu, hata dogo, angelipiga mbio hadi ofisini. Alirudia mara tatu. Halikuwepo.