Mkewe Ni Nani

Mume wangu, fundi paa, alidondoka kutoka juu ya ghala la kampuni kwa sababu hakupewa mkanda wa usalama. Mifupa iliunga. Ubongo ndio uliogoma: miaka tisa ya mwisho ilifutika yote, na ndoa yetu ina miaka minane. Kila akiamka ananiita nesi, halafu anamuulizia mtalaka wake.

Mtalaka mwenyewe ni mshonaji, mwembamba, mpole mpaka anakera. Alikuja mara moja tu kumjulia hali, na mume wangu aking'aa uso akamuuliza mbona amechelewa kurudi. Mimi ninayemwogesha na kumkata kucha nilibaki mlangoni na beseni mkononi. Niliona wivu.

Wakili wetu katika kesi ya kuidai kampuni fidia, yeye alifurahi aliposikia hayo. Alisema hakimu atamuuliza mgonjwa mkewe ni nani, na jibu litaonyesha vizuri kuliko cheti chochote cha daktari familia imepoteza nini. Akamwita na mtalaka aje mahakamani. Bila fidia, matibabu ya mazoezi yangekatika mwisho wa mwezi, nilijua vizuri. Lakini nikae pale watu wakisikia mwanamke mwingine anatajwa? Roho ilikataa katakata.

Basi nikafanya ujinga. Kila asubuhi nikimnyoa ndevu, namuuliza mkewe ni nani, namfundisha kunishika mkono na kusema, "Ni wewe." Ilichukua wiki tano. Wakili sikumwambia.

Siku ya kesi mtalaka alikaa benchi la nyuma. Hakimu akauliza. Mume wangu akanishika mkono.

"Ni wewe," akasema.

Nilifurahi kama bibi harusi. Niligeuka kabisa nimtazame yule mwanamke, aone. Nyuma yangu wakili wa kampuni alikuwa akimwambia hakimu kwamba kumbukumbu za mdai ni nzima, hivyo hana swali zaidi. Wakili wetu alikuwa ameshika kichwa.

Nikasimama.

"Mheshimiwa, nilimfundisha mimi. Mume wangu hanijui."

Hakimu akataka kujua ni nani basi anayemjua. Nilikwenda benchi la nyuma, nikamwomba yule dada aje mbele, na nikampisha kiti changu.