Sponji ya Injinia

Kaka yake hakuwa injinia. Siku moja, miaka ishirini iliyopita, wapima ardhi walipita mtaani wakamwomba awashikie ncha ya kamba, na tangu siku hiyo kalamu haikutoka nyuma ya sikio lake. Watu wakamwita Injinia kwa mzaha, naye akaitika kama mtu aliyekabidhiwa cheti. Dada yake mdogo, fundi cherehani, ndiye peke yake aliyekataa kumwita hivyo. Yeye alimwita kaka, na alilitamka neno lenyewe kama mtu anayeokota kitu kichafu kwa ncha za vidole.

Alijua kwamba dharau ni dhambi. Kila asubuhi alipiga magoti akamwomba Mungu amwondolee, na kila asubuhi, kabla hajamaliza, Injinia alipita uani akitoa maelekezo kwa watu ambao hawakumwuliza kitu.

Safari hii jambo lilikuwa chumba cha baba yao. Miguu ya mzee ilikuwa imekufa ganzi tangu apate kiharusi, na kumtoa kitandani kulihitaji watu wawili wenye nguvu. Chumba kilikuwa chini ya mabati, nacho kilitengwa na jiko kwa ukuta wa mbao tu. Mchana kilichemka mpaka shuka zikalowa jasho, na dirisha halikufungwa usiku wala mchana. Ikakubaliwa kwamba dari na ule ukuta wa jikoni vijazwe kitu cha kuzuia joto. Kitu gani hasa, hapo ndipo ndugu hao wawili walipoachana njia.

Fundi cherehani alitaka sufi ya mawe. Aliisoma katika kijitabu walichopewa kwenye darasa la jioni ili wajizoeze kusoma maelekezo. Kilieleza kwamba mawe huyeyushwa, huvutwa kuwa nyuzi, kisha hubanwa yakawa kama magodoro membamba, na kwamba moto ukifika hapo haupati cha kula. Aliurudia ukurasa huo mara nne, kidole chini ya kila mstari. Alipomweleza kaka yake, Injinia alicheka mpaka akajishika kiuno, akauliza kama huko ngumbaru wanafundishwa pia kufuma sweta za kokoto.

Yeye alikuwa na sponji yake. Ilikuwa ile nyeupe ngumu, ndugu yake ile inayofungiwa televisheni mpya, ila hii ilibandikwa karatasi ya fedha pande zote mbili. Jumamosi akampeleka dada yake dukani akaione. Muuzaji alitoa kipande cha mfano kilichoshikwashikwa mpaka pembe zikawa nyeusi, akawasha tochi ya gesi, akaupeleka mwali upesi upesi huku na huku juu ya ile karatasi. Karatasi ikafifia kidogo, basi. Injinia akaitikia kwa kichwa taratibu, kama yeye ndiye aliyeivumbua.

Fundi cherehani hakutazama karatasi. Kwa miaka kumi na tisa wateja walikuwa wamemletea vitambaa wakiapa kwamba ni pamba tupu, naye hakubishana na mtu. Alichomoa uzi kwenye pindo, akauwasha. Pamba iliacha jivu laini. Nailoni ilijikunja ikaacha tone jeusi linalonuka. Kwa hiyo akaomba kipande kichomwe ubavuni, pale penye weupe.

Muuzaji akasema mfano hauharibiwi. Injinia akamvuta dada yake mkono, akamwambia asiwatie aibu mbele za watu. Njiani fundi cherehani aliingia duka la pili, akaomba kipande cha sufi ya mawe cha ukubwa wa kiganja, wakampa bila neno. Alikifunga kwenye leso.

Kesho yake alirudi kutoka kwenye ibada akakuta ukuta wa jikoni umekwisha kujazwa nusu. Injinia alikuwa amesimama kando ya kitanda cha mzee, nyundo mkononi, akifafanua. Alisema kitu hiki hakijui moto. Alisema ameshaongea na wataalamu. Mzee alimsikiliza macho yakiwa darini. Mtu asiyeweza kuondoka husikiliza mengi.

Fundi cherehani aliingia jikoni kupata maji ya kunywa, akakuta jiko linawaka na kisu chake kikubwa kimelazwa juu ya makaa. Ubapa wake ulikuwa na ukoko mweusi unaonuka kama mwanasesere aliyetupwa jaani. Sakafuni vilizagaa vipande vyeupe, kingo zake zimeyeyuka vizuri, nyororo, kama sabuni iliyotumika.

Alirudi chumbani na kile kisu.

"Kaka, sponji umeikata na nini?"

"Na hicho hicho," alisema Injinia kwa fahari. "Unakipasha moto kwanza. Kinapita chenyewe, hutumii nguvu. Huo ndio ufundi."

Injinia mwenyewe hakusikia alichokisema. Dada yake alimtazama, akaona kwamba angeweza kusimama hapo mpaka jioni na bado mtu huyu asingesikia.

Akachukua kipande kimoja na kibao cha kuni, akazunguka nje mpaka dirishani kwa baba. Aliweka kipande kizingitini, akawasha kiberiti, akakigusisha ubavuni. Weupe ulikimbia mbele ya moto, ukadondoka matone yanayowaka, na moshi mzito mweusi ukapanda. Karatasi ya fedha ilibaki imejikunja juu ya kitu kisichokuwapo. Alisukuma uchafu huo chini kwa kibao, akafungua leso, akawasha njiti nyingine chini ya sufi ya mawe. Moto wa njiti ulimfikia vidole ukazimika. Sufi ilikuwa na doa tu.

Injinia alikohoa. Akasema kwamba hayo ni mambo ya nje, kwenye upepo. Ndani ya ukuta moto utaingiaje, kwani una funguo?

Ndipo mzee akageuza kichwa.

"Siku utakapoingia, mwanangu, nyote mtakimbia. Mimi nitabaki hapa, nikisubiri umalize kueleza. Bandua."

Injinia akabandua mbao moja moja, akaitoa sponji. Alhamisi sufi ya mawe ikaletwa, na fundi cherehani akaipachika akiwa amevaa nguo ya mikono mirefu, glavu, na kitambaa usoni, kama kijitabu kilivyosema, maana nyuzi zake huwasha ngozi. Injinia alisaidia kifua wazi. Glavu, alisema, ni za kina mama.

Siku ya tatu alikuwa bado anajikuna. Alisimama nje, chini ya dirisha la mzee, akimweleza jirani jinsi alivyopata wazo: unachukua mawe, unayayeyusha, watu wengi hawalijui hili. Kila sentensi ilikatishwa na kucha.

Chumbani hapakuwa na joto. Fundi cherehani alikuwa akipindua mto wa baba yake, midomo ikicheza kwa sala ile ile ya kila siku, na akiona wazi kwamba haijajibiwa.

"Mama," mzee alimwambia binti yake, "nifungie dirisha."