Blada ya Waweru

Daktari Jerop alipomwambia avue soksi, Nyaguthii alivua ya mguu wa kulia, akaunyosha.

"Huu ndio unaouma?"

"Huu ni mzima. Anza na huu."

"Mama, huo mzima ungeuacha nyumbani," daktari akacheka. "Nionyeshe mwenzake."

Nyaguthii akavua na ya kushoto. Chini ya goti la kushoto alikuwa amejifunga blada, ule ukanda mweusi unaokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Kutoka hapo kwenda chini mguu ulikuwa umefura, mishipa imetuna na kujipinda. Karibu na kifundo ngozi ilikuwa imegeuka nyeusi, na hapo palikuwa na kidonda kilichokataa kupona.

Jerop aliifungua blada polepole, akamwekea mkononi. Akaipapasa miguu yote miwili kwa mgongo wa mkono kupima joto. Akabonyeza ugoko kwa kidole gumba, na alipokiondoa, shimo likabaki. Akatafuta mapigo juu ya wayo, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlangoni.

"Utaukata?" Nyaguthii aliuliza. Hilo ndilo lililomzuia kuja mwaka mzima.

"Nikate kwa nini? Damu inafika hadi vidoleni. Taabu ni kurudi. Mishipa imechoka, halafu wewe unasimama sokoni kutwa, halafu unaiziba na hii. Nani alikuambia ufunge?"

"Mzee wangu."

Akamsimulia daktari. Ilikuwa ile Januari ya vita vya baada ya uchaguzi, moshi umetanda upande wa Soy. Alikuwa amechanwa mguu na waya wa ua, damu ikimwagika. Waweru, mumewe, aliing'oa blada kwenye keria ya baiskeli, pale alipokuwa akifungia mitungi ya maziwa, akamfunga chini ya goti. "Usifungue mpaka nije," alisema, akarudi kumtoa ng'ombe. Hakurudi. Baadaye muumini mmoja wa kanisani alisema alimwona hai Turbo. Mwingine aliapa kwamba hakufika hata barabarani. Mwaka wa nne sasa, na Nyaguthii bado hakujua amwamini nani. Kwa hiyo kila asubuhi aliifunga tena.

"Na kidonda cha siku ile?"

"Kilipona zamani."

 Jerop akamlaza, akauinua mguu juu. Ile mishipa ikanywea, ikapotea kabisa.

"Imeenda wapi?"

"Ipo. Simama uone."

Akasimama, ikarudi yote. Nyaguthii aliinama kuitazama, asielewe. Daktari akasafisha kidonda, akakifunga bandeji, kisha akampa soksi ndefu za kubana.

"Utavaa asubuhi kabla hujashuka kitandani. Kidonda utakuja tukioshe kila wiki."

"Ngoja kwanza. Unanivua mpira, unanivisha mpira mwingine?"

"Hii inabana zaidi chini, inalegea ikipanda, inasukuma damu. Yako inakaba mahali pamoja. Ukiendelea nayo, kidonda hakifungi. Tumeelewana, mama?"

"Ndiyo," alisema, ingawa hakuwa na hakika.

Nje, mguu ulikuwa mwepesi mno. Alitembea kama aliyeazimwa mguu. Pale stejini, Walubengo wa bodaboda, jirani yake wa Kapsoya, alikuwa akihangaika kufunga kwenye pikipiki gunia la kabichi ambalo Nyaguthii alikuwa ameliacha hapo.

"Mama, kamba imekatika. Huna kitu? Hiyo blada je?"

Vidole vya Nyaguthii vikaifumbata blada.

"Hii ina mwenyewe."

"Yuko wapi tumwombe?"

 Nyaguthii alitazama barabara ya kuelekea Turbo, kisha akautazama mguu wake. Akaitoa.

"Funga vizuri. Mwenyewe alikuwa anaifunga kwa fundo mbili."

"Fundo mbili ya nini? Hii ni kabichi, si ng'ombe."

"Fundo mbili, Walubengo. Na tukifika naichukua."

"Sawa, mama, sawa. Nani anaiba blada?"

Akapanda nyuma ya gunia. Njia nzima hadi Kapsoya mkono wake ulikuwa juu ya lile fundo.