Asilimia Tano

Elieth hakuwa ametulia tangu Jumatatu. Kampuni yao ya Bukoba, inayowapa wakulima bei za kahawa kwa simu, ilitangaza katika ripoti yake kuwa ina watumiaji elfu arobaini, na chini yake mstari mdogo: akaunti bandia hazizidi asilimia tano. Yeye ndiye aliyetakiwa kusaini ripoti hiyo kabla mfadhili hajafika Ijumaa.

"Hii tano imetoka wapi?" alimuuliza bosi wake, Mugisha.

"Tulichukua akaunti mia moja, tukapiga simu. Watano tu hawakupatikana."

"Mia moja za wapi?"

Mugisha akafunika kompyuta yake. "Za hapa mjini. Saini, Elieth."

Hakusaini. Jumatano alichukua mia nyingine, za Muleba, akapiga moja moja mpaka sikio likapata moto. Waliopatikana walikuwa thelathini na mmoja. Nyingi kati ya akaunti zilizobaki zilifunguliwa na wakala mmoja wa kampuni huko Rubya, mama aitwaye Renatha. Alhamisi asubuhi akapanda gari kumfuata.

Alimkuta akianika kahawa. Mama wa watu hakukana.

"Walitaka watu mia mbili kila wiki, mwanangu. Wenye simu za maana hapa ni wangapi? Nikachukua daftari la jumuiya ya kanisa, nikaandika wote, hadi vichanga. Mugisha nilimwambia. Akasema nisiwaandikishe siku moja, niwagawe, na kila mmoja nimfungulie ukurasa wa bei mara moja kwa mwezi, aonekane yupo."

Elieth alirudi mjini.

Ijumaa, Bi Judica wa shirika la ufadhili alipomaliza chai, Mugisha akamsogezea ripoti. Kabla hajaifungua, Elieth akasema, "Muleba, katika mia, nimewapata thelathini na mmoja." Alieleza yote, isipokuwa jina la Renatha.

Mugisha aliinamia meza. Bi Judica aliandika, kisha akauliza kwa upole, "Wakubwa wangu nimeshawaambia elfu arobaini. Hesabu hii haiwezi kusubiri hadi mwakani?"

"Haiwezi, mama."

Ripoti ikaenda bila saini ya Elieth. Neno "watumiaji" lilibadilishwa likawa "akaunti zilizofunguliwa". Elfu arobaini zikabaki palepale.

Jumatatu iliyofuata, nywila yake ya kompyuta ya ofisini ilikataa. Aliijaribu mara tatu, akachukua mkoba, akashuka ngazi, hasira na wepesi wa moyo vikimvuta kila kimoja upande wake.